BAYA MOJA NA MEMA MENGI: MIZANI YA MWANADAMU NA MIZANI YA MWENYEZI MUNGU

KHUTBA YA KWANZA

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Sala na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake, masahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu mliohudhuria msikitini, nanyi wazee wetu, mama zetu na wanafunzi mnaotusikiliza majumbani: nakuusieni, na naiusia nafsi yangu kabla yenu, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu analo kifuani mwake, nalo ni hili: kwamba baya moja hutuelemea kuliko mema kumi. Tutaeleza jambo hilo ni nini, latoka wapi, dini yetu yasemaje juu yake, na vipi tuishi nalo bila ya kuharibu nyumba zetu.

Tuanze na hesabu ndogo. Katika nyumba ambayo mama hupika mara mbili kwa siku, mwaka wa siku 365 huwa na vyakula 730. Natujaalie kwamba katika mwaka huo wali umeungua mara tatu. Basi mara 727 watu wa nyumba ile wamekula, wameshiba, wamenawa mikono na kuondoka. Lakini msikilize bwana wa nyumba anapozungumza barazani. Utamsikia akitaja siku ile wali ulipoungua na wageni wapo. Siku ile ina tarehe, ina mashahidi, ina kisa chake tangu mwanzo hata mwisho. Zile 727 hazina tarehe wala hazina kisa.

Kadhalika mtoto hurudi kutoka shuleni na ripoti ya masomo kumi. Amefaulu tisa, ameanguka moja, nalo ni hisabati. Baba huipitisha kidole karatasi ile, akasimama penye hisabati, na hapo ndipo maneno yake yote yanapoanza na kwishia. Hapana ubaya kuuliza juu ya hisabati. Ni wajibu wa mzazi kuuliza. Lakini mtoto huondoka pale akiamini kwamba mbele ya baba yake yeye ni mtu wa kuanguka, ilhali karatasi yenyewe yashuhudia kinyume chake.

Hali hii haimo katika nyumba peke yake. Hapa kwetu Soga tumekaa kando ya reli tangu enzi za Wajerumani. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907, na Kigoma mwaka 1914. Tangu hapo treni ngapi zimepita hapa zikifika ziendako salama, zimebeba wagonjwa, wanafunzi, maharusi na magunia ya chakula? Hapana azikumbukaye. Lakini watu wazima wote waikumbuka tarehe 24 Juni 2002, pale treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam, na ambayo ilikuwa imekwisha pita njia hii yetu, iliporudi nyuma katika mteremko mkoani Dodoma bila ya breki kuizuia, ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walifariki. Mwenyezi Mungu awarehemu. Msiba ule ulistahili kukumbukwa, na wakumbukwao ni ndugu zetu. Nautaja hapa ili tuone jinsi moyo ulivyoumbwa: maelfu ya safari za salama hazikuacha alama, na safari moja ya msiba imeacha alama isiyofutika.

Na sasa pana reli mpya. Jiwe la msingi la reli ya kisasa liliwekwa Pugu tarehe 12 Aprili 2017, na tarehe 14 Juni 2024 treni za umeme zikaanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, safari ya muda usiotimia saa mbili. Soga nayo ikapata kituo. Msafiri akisafiri mara thelathini akafika kwa wakati, hamwambii mtu. Treni ikichelewa siku moja, kabla ya jua kuchwa jamaa zake wote wamekwisha pata habari. Hasemi uongo, kuchelewa kulikuwako kweli. Lakini yule amsikilizaye, ambaye hajapata kuipanda treni hiyo, hubaki akidhani kwamba kuchelewa ndiyo desturi yake.

Huko ndiko kuelemea upande wa ubaya. Mizani ya moyo haisomi sawa. Ukiweka ratili ya jema upande mmoja na ratili ya baya upande wa pili, upande wa baya hushuka.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1979 wataalamu wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walionyesha kwamba uchungu wa kupoteza kitu huzidi furaha ya kupata kitu kile kile. Na katika kazi yao ya mwaka 1992 walikadiria kuwa hasara huwa na uzito wa kiasi cha mara mbili ya faida. Kahneman alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Jambo hili twalijua hata bila ya kusoma vitabu vyao. Mtu akiangusha noti ya shilingi elfu kumi njiani akienda soko la Mlandizi, hulala nayo usiku huo na kuamka nayo kesho yake. Lakini akipata faida ya shilingi elfu kumi sokoni, furaha yake haipiti magharibi.

Mwaka 1998 mtaalamu Tiffany Ito na wenzake, huko Marekani, waliwaonyesha watu picha za mambo ya kupendeza na picha za mambo ya kuchukiza huku wakiupima umeme mdogo unaotokea katika ubongo. Waliona kuwa ubongo ulishtuka zaidi kwa picha mbaya. Na mwaka 2019 Stuart Soroka na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi 17 juu ya watu wanaotazama habari. Wakaona kuwa, kwa wastani, mwili wa mtu huamka zaidi kwa habari mbaya kuliko kwa habari njema. Wala si wote walio sawa. Wako watu ambao hawaelemei upande huo. Hilo tulishike, maana tutalihitaji mbele.

Pana jambo jingine ambalo wataalamu Paul Rozin na Edward Royzman walilieleza mwaka 2001, nalo ni kwamba ubaya huambukiza kuliko wema. Tulifahamu kwa mfano wa nyumbani. Tia tone moja la mafuta ya taa katika mtungi wa maji safi: mtungi wote umeharibika, hapana atakayekunywa. Sasa tia kikombe cha maji safi katika debe la mafuta ya taa: hapana kilichosafika. Ndiyo maana wahenga wakasema kwamba samaki mmoja akioza wote wameoza. Kwa samaki, kauli hii ni ya hekima. Kwa wanadamu, aghlabu ni dhuluma. Mtu hutukanwa na kijana mmoja wa kabila fulani, akalichukia kabila zima. Mtu hudanganywa na fundi mmoja, akasema mafundi wote ni wezi.

Mwenye akili huenda akauliza: kwa nini Mwenyezi Mungu akatuumba na mizani ya namna hii? Jawabu moja la wataalamu ni kwamba hii ni hadhari. Apitaye porini asilione embe lililoiva, kesho ataliona jingine. Lakini asipomwona nyoka mara moja tu, huenda kesho asiipate. Basi nafsi ikapewa macho makali zaidi ya kuona hatari. Na mtafunwa na nyoka, wasema wahenga, akiona ung'ongo hushtuka. Mtume wetu (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ametufundisha kwamba Muumini haumwi mara mbili katika tundu moja. Kwa hiyo kulikumbuka baya ili ujihadhari nalo ni busara. Baada ya msiba wa mwaka 2002, mwenye kuuliza juu ya breki alikuwa akifanya kazi ya akili aliyopewa na Mola wake.

Lakini hadhari ni mlinzi wa mlangoni. Hakuajiriwa kuwa kadhi. Mlinzi kazi yake ni kupiga kelele akisikia mchakato wa majani, hata kama ni paka. Kadhi kazi yake ni kusikiliza pande zote mbili, kuhesabu ushahidi, kisha kuhukumu. Maovu mengi majumbani mwetu hutokea tunapomwacha mlinzi akakaa juu ya kiti cha kadhi.

Qurani imetueleza maradhi haya zamani kabla ya wataalamu hao. Katika Sura ya Al-Maarij, aya ya 19 hadi ya 21, Mwenyezi Mungu atufahamisha kwamba mwanadamu ameumbwa na pupa na papara: likimgusa la shari hupapatika, na likimgusa la kheri huzuia. Katika Sura ya Hud, aya ya 9, atueleza kwamba mtu akionjeshwa rehema kisha ikaondolewa, hukata tamaa na kukufuru neema, kana kwamba hakupata kuonja kitu. Na katika Sura ya Al-Adiyat, aya ya 6, mwanadamu ametajwa kuwa ni kanud kwa Mola wake. Mwanachuoni mkubwa wa Basra, Hasan al-Basri, aliyefariki mwaka 110 Hijria, alilifasiri neno hilo kuwa ni mtu ahesabuye misiba akazisahau neema. Tazameni jinsi tafsiri hii ilivyolenga: mtu huyo si kwamba hajui kuhesabu. Ajua sana, ila amehesabu upande mmoja tu wa daftari.

Wala asidhani mtu kwamba, madhali tumeumbwa hivi, basi hatuna la kufanya. Aya zile za Sura ya Al-Maarij hazikusimama hapo. Kuanzia aya ya 22 wametolewa wengine katika hukumu hiyo: wale wanaosali na kudumu katika sala zao, na ambao katika mali yao mna haki maalumu ya mwombaji na ya aliyenyimwa. Maana yake ni kwamba papara hii hufunzika. Sala ni kusimama mara tano kwa siku na kumsifu Mola kabla ya kumwomba. Na kutoa ni kukiri kwa mkono kwamba ulichonacho ni zaidi ya ulichokikosa.

Nasema kauli yangu hii, nami namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na amani zimshukie Mtume wake. Ndugu Waislamu, tumekwisha iona mizani ya mwanadamu. Sasa tuitazame mizani ya Mwenyezi Mungu, kisha tuzilinganishe.

Katika Sura ya Al-Anam, aya ya 160, Mola ametuahidi kwamba aletaye jema atalipwa mfano wake mara kumi, na aletaye baya hatalipwa ila kwa kadiri yake. Na katika hadithi ya Ibn Abbas (R.A.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, tumefafanuliwa zaidi: mwenye kukusudia jema asilifanye huandikiwa jema moja kamili, akilifanya huandikiwa kumi, hata mia saba, hata zaidi ya hapo. Mwenye kukusudia baya kisha akaliacha huandikiwa jema moja kamili. Na akilifanya huandikiwa baya moja tu. Tena katika Sura ya Hud, aya ya 114, tumeambiwa kwamba mema huyaondoa mabaya.

Zilinganisheni, ndugu zangu. Mizani yetu hulikuza baya mara mbili. Mizani ya Mola hulikuza jema mara kumi, na baya huliacha lilivyo, au hulifuta. Chukueni mtu mwenye mema kumi na mabaya kumi. Kwa hesabu ya rehema, huyo ana mia dhidi ya kumi. Kwa hesabu yetu ya barazani, huyo huyo ni mtu mbaya, hana jema alilopata kulifanya. Na ajabu ni kwamba kila mmoja wetu ataraji kupimwa Siku ya Kiyama kwa mizani ya kwanza, ilhali leo ampima mkewe, mumewe, mwanawe na jirani yake kwa mizani ya pili.

Mtume (S.A.W.) ametuonyesha kwa vitendo namna ya kupima. Mwaka wa 8 Hijria, alipokuwa akijiandaa kwenda Makka, sahaba mmoja aitwaye Hatib bin Abi Baltaa aliwaandikia Makureshi barua ya siri kuwapa habari za safari hiyo. Kosa hili halikuwa dogo. Lilikuwa ni kuitoa siri ya jeshi. Mtume (S.A.W.) alimtuma Ali na wenzake, wakamwahi mwanamke aliyeibeba barua ile, wakaileta. Sayyidna Umar (R.A.) akaomba ruhusa ya kumuua Hatib. Mtume (S.A.W.) kwanza alimuuliza Hatib sababu yake, akamsikiliza, kisha akamkumbusha Umar kwamba mtu huyu alihudhuria vita vya Badr.

Ndani ya kisa hiki mna mafunzo matatu. Kwanza, baya halikufumbiwa macho: barua ilikamatwa na hatari ikazuiwa. Pili, mkosaji aliulizwa. Tatu, na hapa ndipo penye somo letu, jema lake la miaka sita nyuma lililetwa likawekwa katika mizani siku ile ile ya kosa lake. Siku ambayo macho ya watu wote yalikuwa juu ya barua, Mtume (S.A.W.) aliikumbuka Badr. Je, sisi, siku ya kosa la ndugu yetu, huikumbuka Badr yake?

Tena tazameni kisa cha Nabii Yusuf (A.S.). Nduguze walimtupa kisimani, akauzwa, akasingiziwa, akafungwa. Miaka mingi baadaye, wazazi wake na nduguze walipofika Misri na kusimama mbele yake, aliyataja maisha yake kwa ufupi, kama tulivyoelezwa katika Sura ya Yusuf, aya ya 100. Alimshukuru Mola kwa kumtoa gerezani na kwa kuwaleta jamaa zake kutoka jangwani, na fitina iliyopita kati yake na nduguze akamtwika shetani. Wanavyuoni wa tafsiri wamelitazama jambo moja hapa: alilitaja gereza, lakini kisima hakukitaja. Kisima kilikuwa ni kazi ya nduguze waliosimama mbele yake, naye hakutaka kuwaaibisha. Hakukisahau, nani awezaye kusahau kisima? Alichagua tu kwamba kisima hakitakuwa ndicho kichwa cha habari ya maisha yake.

Hapa lazima niweke mpaka, ili mtu asije akaichukua khutba hii akaifanya kamba ya kumfunga mdomo aliyedhulumiwa. Mwanamke apigwaye nyumbani mwake haambiwi ahesabu siku ambazo hakupigwa. Mjane aliyenyang'anywa shamba la urithi haambiwi ashukuru kwa kuachiwa nyumba. Kibarua aliyenyimwa ujira wake haambiwi atazame mema ya tajiri. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kumsaidia ndugu yetu akiwa amedhulumiwa, na kumsaidia akiwa dhalimu kwa kuuzuia mkono wake usidhulumu. Mizani iliyo sawa haipunguzi uzito wa dhuluma. Huupima kama ulivyo, na kuupeleka kwa wazee, kwa kadhi au mahakamani, ukahukumiwe. Tunayoyasema leo ni juu ya makosa ya kila siku, ya watu wenye mema mengi.

Wala huzuni si kukufuru neema. Nabii Yaaqub (A.S.) alimlilia mwanawe hata macho yake yakawa meupe, naye ni Nabii. Na Mtume wetu (S.A.W.) alimlilia mwanawe Ibrahim. Tena wako watu ambao giza hili huwakalia wiki baada ya wiki: hawalali, hawali, hawaoni jema lolote katika dunia wala katika nafsi zao. Mtu wa namna hii asilaumiwe kwamba imani yake ni dhaifu. Huenda ni mgonjwa, na mgonjwa hupelekwa hospitali, akaombewa dua huku akitibiwa.

Sasa, ndugu zangu, tufanye nini? Nitataja mambo manne, nayo ni mepesi kuyashika.

La kwanza ni kuhesabu kabla ya kuhukumu. Imepokewa na Muslim kwa Abu Huraira (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) amemkataza mume Muumini kumchukia mkewe Muumini, kwani akichukizwa na tabia yake moja, ataridhishwa na nyingine. Na mke naye amekatazwa asiukane wema wa mume wa miaka mingi kwa kosa la siku moja. Basi neno likikufika kooni la kusema kwamba huyu daima yuko hivi, au huyu hajapata kunifanyia jema, simama. Neno daima ni neno la hesabu. Umehesabu? Wali umeungua mara ngapi katika mara 730? Mtoto ameanguka masomo mangapi katika kumi? Ukihesabu kweli, aghlabu ghadhabu hurudi katika kiasi chake, na hapo unaweza kulisema kosa bila ya kumvunja mtu.

La pili ni kulitaja jema kwa ulimi. Katika Sura ya Adh-Dhuha, aya ya 11, tumeamrishwa kuzisimulia neema za Mola wetu. Baya halihitaji kusimuliwa, hujisimulia lenyewe. Jema lisiposemwa hupotea. John Gottman wa Marekani, aliyewachunguza watu waliooana kwa miaka mingi, aliona kuwa katika ndoa zilizodumu vizuri, hata wakati wa kubishana, mambo mema kati ya mume na mke yalikuwa kama matano kwa kila baya moja. Hesabu hii si aya wala si hadithi, lakini yaafikiana na tulivyoona: kama baya ni zito, jema halina budi kuwa jingi ili mizani isimame. Nasi tunao mfano ulio bora zaidi. Mtume wetu (S.A.W.) aliendelea kumtaja Bibi Khadija (R.A.) kwa mema muda mrefu baada ya kufariki kwake, na alikuwa akichinja kondoo akawapelekea nyama marafiki za Bibi huyo. Ikiwa mke aliyekufa alitajwa kwa mema, aliye hai atanyimwa kwa sababu gani? Usiku wa leo kila mwenye nyumba amtajie mmoja wa watu wake jema moja alilolifanya wiki hii, kwa jina lake na siku yake, kama tunavyoyataja makosa kwa siku zake.

La tatu ni kwa yule aliyekosa. Ukijua kwamba baya ni zito katika moyo wa mwenzio, usitake lifutwe kwa jema moja. Mtu humtukana mkewe mbele ya watoto, kisha akamletea kitenge, akashangaa kwamba bado amenuna. Mtume (S.A.W.) ametuusia tufuatishe baya kwa jema ili lilifute. Basi lifuatishe, na ulifuatishe tena, wala usichoke. Na kabla ya kitenge, uombe radhi. Kadhalika walimu na wazazi, jueni kwamba neno moja la kumdhalilisha mwanafunzi mbele ya wenziwe huenda likaishi miaka arobaini, wakati yale mafunzo mema mliyompa yamekwisha sahauliwa.

La nne ni kuuzuia ulimi, na siku hizi kuizuia simu, isiwe njia ya kila habari mbaya. Habari mbaya huamsha mwili, na kwa hiyo hupelekwa upesi. Si kwa kuwa ni kweli zaidi, wala si kwa kuwa ni nyingi zaidi. Imepokewa na Muslim kwamba yamtosha mtu kuwa mwongo kwa kusimulia kila alisikialo. Nawaambia hasa ninyi wanafunzi: kabla ya kuupeleka ujumbe, jiulize je, ni kweli, na je, utamsaidia nani kujihadhari. Ukiwa na faida ya hadhari, upeleke. Usipokuwa nayo, uache ufe mkononi mwako.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, miili yetu itabaki na hadhari yake. Mola aliyeiweka ndiye ajuaye hekima yake. Lakini hukumu ametuachia sisi, na kwa hukumu hiyo tutaulizwa. Atakaye kesho mema yake yahesabiwe kumi kumi, na aanze leo kuyahesabu ya wenziwe, hata moja moja.

Ewe Mola wetu, usitujaalie kuwa miongoni mwa wahesabuo misiba wakazisahau neema. Zisawazishe nyoyo zetu, zilainishe ndimi zetu kwa watu wa nyumba zetu, na uwape haki yao waliodhulumiwa. Warehemu wazee wetu na wote waliotutangulia, wakiwemo waliofariki safarini. Wafunze watoto wetu elimu yenye manufaa, na utupime kwa rehema yako, wala usitupime kwa mizani tunazowapimia wenzetu. Amin.